Bibi Titi Mohamed: Mwanamke Aliyekuwa na Chake

Mwenyekiti wa kikundi, mheshimiwa diwani, mama zangu, dada zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti. Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Katibu wenu aliniomba nizungumze juu ya kiongozi mmoja mzalendo wa enzi za kudai uhuru. Nadhani alitegemea nimchague Mwalimu Nyerere. Mwalimu ana wasemaji wengi, leo hatanihitaji. Nimemchagua Bibi Titi Mohamed, na sababu ni nyinyi wenyewe. Nimeambiwa mnakutana kila wiki, mnanunua hisa, mnakopeshana, mnatozana faini kwa kuchelewa, na asiyelipa mnamfuata mpaka nyumbani. (Kicheko.) Basi Bibi Titi alitoka kwenye vikundi kama hivi. Siasa ilimkuta humo.

Wengi wetu tunapita kwenye jina lake kila siku. Ile barabara inayopita kando ya Mnazi Mmoja na ukumbi wa Arnautoglu, ndiyo Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Muulize kijana yeyote Bibi Titi ni nani, atakuelekeza njia. Ukimbana sana atasema: ni yule mama aliyemsaidia Nyerere kudai uhuru.

Hilo la "kumsaidia" mimi huwa linanikera. Anayesaidia ni mtu aliyekuja na mikono mitupu kwenye kazi ya mwenzake. Mwaka 1955, kati ya TANU, chama cha kudai uhuru, na Bibi Titi, aliyekuwa na watu ni nani? TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja. Ilikuwa na katiba, ilikuwa na ofisi pale New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, na ilikuwa na vijana wasomi na wafanyabiashara wa mjini wenye ari: akina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Mzee John Rupia, na Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyekuwa ametoka kusoma Edinburgh. Wanawake haikuwa nao, ukiondoa wachache mno. Na kwa mji kama Dar es Salaam wa wakati ule, chama kisicho na wanawake kilikuwa kimekosa nusu ya watu na zaidi ya nusu ya habari.

Sasa niwaeleze alikuwa nani.

Alizaliwa hapa Dar es Salaam Juni 1926, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Kimatumbi. Alisoma shule ya serikali ya wasichana mpaka darasa la nne. Alipovunja ungo aliwekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, kisha akaozwa angali binti mdogo kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Akapata mtoto wa kike, akaachika. Mama zangu hapa mnajua hadithi hiyo haina ajabu yoyote, nusu ya bibi zetu waliipitia. Ila nataka mwone kitu kimoja. Mwanamke wa mjini akiachika na mtoto mkononi katika miaka ya 1940 alikuwa amefunguliwa mlango fulani. Alirudi kwao, lakini hakurudi kuwa binti wa kuwekwa ndani tena. Alikuwa mtu mzima, anatoka, anafanya biashara yake ndogo, anakwenda ngomani, na akiolewa tena anaolewa kwa kauli yake. Wengi wa wanawake walioijenga TANU katika mji huu walikuwa wa aina hiyo: wameolewa, wameachika, wameolewa tena, wana maandazi yao ya kuuza, wana pombe yao ya kupika, na si wachache waliokuwa na nyumba.

Nyumba, nasema, mwenyeji wa Kariakoo ananielewa. Ile nyumba yetu ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo. Mwenyewe anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Kwa mwanamke asiye na ajira ya serikali wala mume wa kumtegemea, kile chumba cha pili na cha tatu ndicho kilikuwa pensheni yake. Mliweke hilo akilini, tutalihitaji tukifika mwaka 1967.

Titi alikuwa na kitu cha pili: sauti. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na kwenye maulidi aliitwa kusoma. Vijana mnaposikia "kikundi cha ngoma" msidhani ni watu wanaocheza wakirudi nyumbani. Bomba, na vikundi vya lelemama, na vyama vya taarabu kama Egyptian na Al Watan vilivyokuwa na wafuasi wao wa kike, vilikuwa taasisi. Kulikuwa na ada na sare. Kulikuwa na viongozi wenye vyeo, na mwenzao akifiwa au akiozesha walimchangia kwa zamu. Kulikuwa na ushindani mkali mno, kikundi hiki kikijitahidi kukipita kile kwa mavazi na kwa mafumbo ya nyimbo. Mpiganaji wa mashairi wa Bomba akishuka uwanjani ilikuwa lazima ajue kusoma sura za watu, ajue lini arushe kijembe na lini apoze. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Bibi Titi baada ya lile darasa la nne, na mimi nasema ilimfaa zaidi.

Mume wake wa wakati huo, Boi Selemani, alikuwa dereva wa teksi. Wote wawili walichukua kadi za TANU mwaka uleule wa 1954, kadi za mwanzo kabisa. Aliyewaingiza ni Schneider Plantan, mzee wa mjini aliyekuwa na kazi ya kupita kwa watu anaowaamini, mmoja mmoja.

Halafu akaja mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mara hii ilitokea kweli. Katikati ya mwaka 1955 alifika Dar es Salaam John Hatch, afisa wa chama cha Labour cha Uingereza aliyeshughulikia mambo ya makoloni. Akakutana na viongozi wa TANU, akaambiwa habari za chama, akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa na wenyewe: wanawake wenu wako wapi? Waheshimiwa wakatazamana. Walikuwa wanaume watupu. Ikabidi atafutwe mwanamke, na jina lililotajwa ni la Titi, yule wa Bomba, kwa kuwa kila mtu alimjua. Mumewe akaombwa ruhusa, maana ndivyo adabu ilivyotaka, naye akaridhia.

Nimesoma mara nyingi watu wakilisimulia tukio hilo kana kwamba Hatch ndiye aliyewagundua wanawake wa Tanganyika. Hapana. Swali lake lilikuwa zuri, lakini lilijibiwa kwa sababu jibu lilikuwepo tayari, limejipanga, lina sare na daftari la michango. Angelifika mji ambao wanawake wake hawana vikundi, TANU ingeunda "kitengo cha akina mama" chenye mwenyekiti, katibu na mhuri, na kingebaki hapohapo.

Bibi Titi alifanya nini? Hapa ndipo penye utamu, na ndipo ninapotaka mkae nami kidogo.

Hakuanza na jukwaa. Alianza kwa kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, mmoja baada ya mwingine, pamoja na wanawake wenzake waliokuwa naye tangu mwanzo kama Tatu binti Mzee na Hawa binti Maftaha. Alijua kwamba ukimpata kiongozi wa kikundi umepata kikundi. Na alijua kwamba mahasimu wa ngomani hawatakaa chini pamoja kwa sababu ya hotuba, ila watakaa kwa sababu aliyewaita wanamheshimu na hawataki wengine wawatangulie. Ule ushindani wa sare na mafumbo akaugeuza: sasa ni nani atakayeleta wanachama wengi. Akaenda kwa wauza vitumbua. Akaenda kwa wapika pombe, ambao waungwana fulani wa chama wangeona haya kuonekana mlangoni mwao. Wapika pombe walikuwa na fedha taslimu kila siku na walisikia kila kinachosemwa mjini, kwa hiyo mtu mwenye akili hawezi kuwaruka.

Kufikia Oktoba 1955, miezi michache tu tangu aanze, wanawake kama 5,000 walikuwa wamechukua kadi. Naomba mtulie na hiyo hesabu. Hapakuwa na simu za mkononi. Wengi wa wanawake hao hawakujua kusoma kilichoandikwa kwenye kadi. Hapa mjini wengi walitoka wakiwa ndani ya baibui, na si kila mume alikuwa Boi Selemani. Wapo waliozificha kadi, kwenye pindo la kanga, chini ya nguo sandukuni, na wapo walioachwa zilipoonekana. Mwanamke aliyekuwa na kipato chake aliweza kusema niache basi. Asiyekuwa nacho alinyamaza, au alichukua kadi akaiweka kwa shoga yake. Ndiyo maana nasema historia ya TANU ya wanawake haiwezi kueleweka bila kujua nani alikuwa na chake na nani hakuwa nacho.

Ujumbe wake kwa wanawake haukuwa mgumu. Hakuwaeleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, ingawa Nyerere alikuwa amerudi kutoka huko mwezi Machi mwaka huo. Aliwaambia kwamba wanaume hawa wote mnaowaona, sisi ndio tuliowazaa. Mwenye kuzaa haogopi. Mwalimu angelitamka hilo lingekuwa sifa tu kwa akina mama. Likitoka kwa Titi lilikuwa amri.

Mwanzoni kuhutubia kulimtia hofu. Kuimba alijua, kusema mbele ya wanaume wageni hakujua. Lakini sikilizeni namna mwimbaji kiongozi anavyofanya kazi: anatoa mstari, kundi linaitikia, anapima sauti inayorudi, anaamua mstari unaofuata. Ndivyo alivyohutubia. Alizunguka nchi pamoja na Nyerere, mjini na bara, na mara nyingi ndiye aliyeupasha moto mkutano kabla Mwalimu hajasimama na hoja zake za taratibu. Kiswahili chake kilikuwa cha uswahilini, kina mafumbo, kina kejeli, na kilifika mpaka kwa mama aliyekaa nyuma kabisa mwenye mtoto mgongoni. Mwalimu mwenyewe alikuwa bado anakikunja Kiswahili cha pwani kikae sawa kinywani mwake katika miaka ile. Wazee wa mtaa wa Gerezani waliwahi kucheka juu ya hilo, ila nisiwachongee. (Kicheko.)

Huko mikoani alikuta wenzake. Moshi alikuwepo Halima Selengia, na alikuwepo Lucy Lameck, muuguzi aliyekuja kusoma Oxford na kuwa mbunge na naibu waziri. Kila mji ulikuwa na wake. Nyumba za wanawake hao ndizo zilizowalaza wageni wa chama na kuwalisha. Mkutano wa watu maelfu ukiusoma gazetini unaona jina la msemaji. Huoni aliyeamka saa tisa usiku kupika maharage, wala aliyepita nyumba kwa nyumba jana yake kusema mkutano umehamishwa.

Na mikutano ilihamishwa kweli, kwa sababu serikali ya Gavana Twining haikukaa kimya. Mwaka 1956 kikaundwa chama cha UTP ili kuipunguza nguvu TANU. Matawi ya TANU yakapigwa marufuku katika wilaya kadhaa, Usukumani kwa miaka. Mwaka 1957 Nyerere mwenyewe akazuiwa kuhutubia hadhara. Mwaka 1958 akashitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Wakati kama huo ndipo unapojua thamani ya watu wanaokutana bila kuitwa mkutano. Kufiwa hakuombewi kibali. Maulidi hayaombewi kibali. Mwanamke akitoka na kikapu kwenda sokoni, askari gani atamsimamisha kumuuliza anakwenda kusema nini?

Niwaambie jambo ambalo halisemwi sana. Januari 1958, Tabora, TANU ilijadili kama ikubali uchaguzi wa kura tatu, ule wa kila mpiga kura kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Mjadala ulikuwa mkali, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake, na tumefundishwa kuuita uamuzi ule wa busara. Sina ubishi, uliiletea TANU ushindi. Lakini tazameni masharti ya kuwa mpiga kura: uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichowekwa, au cheo kinachotambuliwa. Muuza vitumbua hakuwa na pauni 150. Bibi mwenye kadi sandukuni hakuwa na cheti. Wanawake waliokibeba chama miaka mitatu, wengi wao waliukaa uchaguzi ule nje ya mstari. Wakawahamasisha waliostahili kupiga kura. Wakashangilia matokeo. Kama kuna waliolalamika, malalamiko yao hayakuandikwa popote nilipowahi kusoma.

Uhuru nitaupita haraka, mnaujua. Uchaguzi wa 1960 TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ikabadilishwa. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa kiongozi wake wa kwanza. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa wanawake wa Afrika, ule uliotuachia Siku ya Mwanamke wa Afrika, tarehe 31 Julai. Akawa mbunge wa Rufiji, akawa naibu waziri. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja ambapo wananchi waliwaangusha vigogo kadhaa, naye aliangushwa Rufiji.

Nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika, ingawa mwenyewe asingekubali nikimwambia. Serikali ilihitaji watu wa kuandika taarifa, kusoma bajeti, kuzungumza Kiingereza na wafadhili. Kazi ya kumpata kiongozi wa kikundi mlangoni kwake haikuwa na fungu kwenye bajeti. Vikundi vyenyewe vilivyokuwa na daftari lao na malkia wao vilikwisha kuwa "jumuiya ya chama", na jumuiya ya chama husubiri maelekezo.

Kisha likaja Azimio la Arusha, tamko la chama la Ujamaa na Kujitegemea, Februari 1967. Mimi ni mtu wa kizazi kilichoimba Azimio shuleni, na hata leo nikilisoma naona ukweli mwingi ndani yake. Miaka mitano tu baada ya uhuru tayari kulikuwa na wakubwa wenye mishahara miwili, hisa kwenye makampuni ya Wazungu, na nyumba zilizojengwa kwa mikopo na kupangishwa kwa mabalozi. Mwalimu aliona mapema. Masharti ya uongozi yalisema kiongozi asiwe na hisa, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na yalimhusu mume na mke wake pia.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Alitakiwa achague, naye akajitoa kwenye Kamati Kuu ya chama.

Wapo wanaosema tamaa ilimshinda. Nimelisikia hilo kwenye mihadhara ya watu wazima na akili zao. Nami nawauliza: mwanasheria akiacha siasa anarudi kwenye sheria, mwalimu anarudi kwenye chaki, daktari kwenye sindano. Mwanamke wa darasa la nne anarudi kwenye nini? Sharti lile lilipimwa kwa kimo cha mwanamume mwenye mshahara na pensheni ya serikali, halafu likavishwa kila mtu. Mwenye mshahara alipoteza ziada. Kwa mwanamke wa Kariakoo chumba cha kupangisha hakikuwa ziada, ndicho kilichomwezesha tangu mwanzo kuchukua kadi bila kumwomba mtu. Sisemi Azimio lilikosea kuwabana wakubwa. Nasema mle ndani ya chama, siku sharti lile linaandikwa, hapakuwa na aliyesimama kuuliza kuhusu wajane na walioachika. Na ambaye angeuliza ndiye huyo Bibi Titi aliyejitoa.

Mwaka huohuo Oscar Kambona, aliyekuwa katibu mkuu wa TANU na waziri, alihitilafiana na Nyerere akahamia London.

Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Kesi ya uhaini ilianza mwaka 1970 hapa Dar es Salaam mbele ya Jaji Mkuu Telford Georges, mzaliwa wa Dominica. Washitakiwa saba walidaiwa kula njama ya kuipindua serikali, na Kambona alitajwa kuwa kinara aliyeko ng'ambo. Kizimbani walikuwemo Gray Mattaka, John Chipaka, Eliya Chipaka, Michael Kamaliza aliyewahi kuwa waziri wa kazi, William Chacha, Alfred Milinga, na mwanamke mmoja. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha wapigania uhuru cha PAC cha Afrika Kusini. Kesi iliendelea kwa miezi, na mwanzoni mwa 1971 hukumu ikatoka. Milinga aliachiwa. Bibi Titi alipata kifungo cha maisha.

Aliyakana mashitaka hayo mahakamani na aliendelea kuyakana. Mahakama ilimtia hatiani. Siwezi kuketi hapa na kipaza sauti cha kukodi nikaihukumu kesi upya, wala sitawaambia kwamba shujaa hawezi kukosea. Ninachopinga ni ule mtindo wa kuruka. Vitabu vyetu vya shule vikimtaja vinaishia 1961, akiwa amenyanyua mkono pembeni ya Mwalimu. Halafu kimya. Mtoto anakua anajua picha, hajui kwamba huyo mama alifungwa na serikali aliyoizaa, na anapokuja kulisikia ukubwani analisikia kwa mnong'ono, limeshachanganywa na uongo wa kila aina. Ukweli wa kesi ile ungesemwa darasani, na hoja za pande zote mbili, watoto wangejifunza jinsi ilivyo vigumu kujenga dola. Hawataumia. Wameshaona makubwa kuliko hayo kwenye simu zao.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka. Alipotoka hakuwa na mume, maana talaka ilimkuta gerezani. Hakuwa na cheo. Mashoga wengi walikuwa wakivuka upande wa pili wa barabara. Hebu fikirini, nchi hii yenye maneno mengi ya kumsifu mama, mama huyu aliishi miaka karibu ishirini katika mji aliozaliwa kana kwamba hayupo. UWT aliyoianzisha iliendelea na vikao vyake. Alikuwa akialikwa? Nyinyi wakongwe wa jumuiya mliopo hapa mnajua jibu, nami sitawalazimisha mlitamke.

Mwaka 1991, nchi ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama likamtaja miongoni mwa mashujaa wa kupigania uhuru. Hakuna maelezo yaliyotolewa kuhusu miaka iliyokuwa katikati. Barabara ikaitwa jina lake, ile ambayo kwa muda ilikuwa ikiitwa UWT. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 hospitalini Johannesburg, mwaka mmoja na siku chache baada ya Mwalimu. Alikuwa na umri wa miaka 74.

Mwenyekiti, nimeona unaangalia saa, namalizia kwa ombi. Kabla hatujaanza nilizungumza na mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele, sitamtaja. Ameniambia mama yake mzazi alikuwa na kadi ya TANU ya miaka hiyo na sare ya kikundi chake cha ngoma, na kwamba vitu hivyo bado vipo kwenye sanduku kwa dada yake. Najua si yeye peke yake. Kikundi hiki kina katibu anayeandika vizuri na daftari lenye kurasa nyingi tupu upande wa nyuma. Ningependa kikao kijacho kila mwenye mama au bibi aliyekuwa na kadi alete jina lake, mtaa aliokaa, kikundi chake cha ngoma, alichokuwa akiuza, na kama nyumba ilikuwa yake au ya kupanga. Hayo matano tu. Katibu aandike, na nakala mtunze mahali pawili.

Sasa maswali. Naomba vijana wa mlangoni mtupishe kwanza, tuanze na huyu mama wa mstari wa mbele, maana ana la kunisahihisha kuhusu Al Watan na nimemwona tangu pale hatulii kitini. Mpeni kipaza sauti.